Onyesho Likiisha, Neno la Kwanza Liwe la Mtazamaji

Makofi yakitulia, mshereheshaji hupanda jukwaani na kuwaomba watu wasiondoke. Viti hupangwa haraka haraka. Anatambulishwa mkuu wa kikundi, kisha mwongozaji, kisha mwandishi, kisha mwakilishi wa wafadhili, kisha mhadhiri aliyealikwa kuchambua. Kila mmoja anaombwa aseme kwa ufupi, na hakuna anayesema kwa ufupi. Zamu ya watazamaji inapofika, nusu ya ukumbi imeshatoka kwenda kutafuta usafiri, na waliobaki wanaambiwa kuna nafasi ya maswali mawili. Mmoja anamuuliza mwandishi wazo alilipata wapi. Mwingine anawapongeza wote. Picha zinapigwa, watu wanaagana.

Mijadala ya namna hii nimeikuta katika kumbi kubwa na ndogo, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Waliokuwa na la kusema wameondoka nalo. Waigizaji waliofanya mazoezi kwa wiki nyingi hawajui ni tukio gani liliwashika watu na ni lipi liliwapita. Na hadhira imefundishwa, bila mtu kutamka, kwamba sanaa ina wenyewe na kwamba wenyewe hao ndio wanaojua maana yake.

Makala haya nawaandikia wanaoandaa mijadala ya baada ya onyesho: vikundi vya maigizo, wasimamizi wa kumbi, walimu wanaopeleka wanafunzi kutazama tamthilia, na wale wanaoirusha mijadala hiyo mtandaoni. Ushauri wote uliomo unatoka kwenye kanuni moja: aliyetazama aseme alichokiona kabla aliyetengeneza hajaeleza alichokusudia. Mkiishika kanuni hiyo, mambo mengine, kuanzia idadi ya viti hadi mpangilio wa maiki, yatajipanga yenyewe.

Mjadala ni sehemu ya kazi

Wapo wanaoamini kwamba mjadala hauhitajiki kabisa. Mwaka 2017 mwandishi wa tamthilia wa Marekani, David Mamet, alipiga marufuku kumbi zinazoigiza kazi zake kuandaa mjadala na watazamaji ndani ya saa 2 baada ya onyesho, na akaweka faini ya dola 25,000 kwa kila ukiukaji. Sharti hilo liliwashangaza wengi. Mimi nalichukua kama onyo linalostahili kusikilizwa. Mtu aliyetoka kulia au kucheka kwa saa 2 akikabidhiwa papo hapo maelezo ya mtaalamu, hisia zake mwenyewe huzimwa kabla hajazitambua. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini inatokana na nani anaanza kusema, wala haitokani na watu kuzungumza. Watazamaji wa Afrika Mashariki hawajawahi kungoja kibali cha kuzungumza juu ya mchezo. Wanazungumza wakiwa bado vitini, wanaendelea mlangoni, wanamalizia ndani ya daladala au matatu.

Tena barani Afrika mjadala una nasaba ndefu. Nchini Botswana, kuanzia mwaka 1974, kampeni ya Laedza Batanani ilipeleka maigizo mafupi vijijini. Igizo likiisha, umati uligawanywa katika vikundi, na waigizaji pamoja na maofisa ugani wakaketi navyo kuzungumza juu ya yaliyoonyeshwa. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanyika hadharani. Wakulima na wafanyakazi walikuja kutazama, wakasahihisha lugha, wakaongeza nyimbo, wakakosoa namna maisha yao yalivyoigizwa. Maonyesho yalianza Oktoba 2, na Novemba 16 serikali ikayasimamisha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 31 mwaka huohuo. Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, ambao walitafiti matatizo yao, wakayaigiza, kisha wakayajadili. Wakati huo Augusto Boal wa Brazil alikuwa ameshasambaza mbinu ya jukwaa ambamo mtazamaji anasimamisha igizo, anachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine.

Mifano hii inatofautiana kwa mengi, ila imefanana kwa jambo moja: maneno ya watazamaji yaliweza kubadilisha kitu. Kabla ya kuandaa mjadala wowote, jiulizeni kama yenu yataweza. Kama hakuna litakaloguswa na watakayosema, msiwazuie watu wasiende makwao.

Amueni kwanza mnataka nini

Mijadala mingi huyumba kwa sababu walioiandaa hawakukubaliana ni ya nini. Ziko aina 3, na kila moja ina utaratibu wake.

Ya kwanza ni ya kazi ambayo bado inajengwa. Hapa kikundi kinataka kusikia ili kirekebishe. Utaratibu mzuri kwa hali hii ulibuniwa mwaka 1990 na mwandaaji ngoma wa Marekani, Liz Lerman, nao una hatua 4. Watazamaji hutaja kwanza kilichowagusa au kilichobaki akilini. Kisha msanii huwauliza watazamaji maswali yake. Halafu watazamaji humuuliza msanii maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwisho kabisa ndipo maoni hutolewa, tena baada ya msanii kukubali kuyapokea. Anayesema, "Nina maoni juu ya mwisho wa mchezo, ungependa kuyasikia?" anampa msanii heshima ya kujiandaa. Utaratibu huu unazuia kabisa ile tabia ya mtu kusimama na kuanza na "mimi ningekuwa nyinyi ningefanya hivi".

Aina ya pili ni mjadala wa kazi iliyokamilika. Hapa lengo ni watu kuielewa kwa kina kupitia macho ya wenzao. Usahihishaji hauna nafasi.

Ya tatu ni mjadala wa suala lililobebwa na mchezo: ardhi, ukeketaji, ukimwi, uchaguzi, ndoa za utotoni. Hii ndiyo inayopendwa na mashirika, na ndiyo inayoisahau sanaa upesi zaidi. Dakika 5 baada ya kuanza, hakuna tena anayetaja mchezo. Ukumbi umegeuka semina. Dawa yake ni mwongoza mjadala kuwarudisha watu kwa wahusika kila mara: "Umesema wazazi ndio wenye makosa. Yule mama tuliyemwona pale jukwaani alikuwa na njia gani nyingine?" Swali hilo linawapa watu mahali pa kusimama, kwa kuwa wote wamemwona mama yuleyule.

Nani akae mbele

Wanajopo 3 wanatosha. Wakiwa 5, kila mmoja hungoja zamu yake na kusahau kusikiliza. Kati ya hao 3, mmoja awe mwigizaji, maana watazamaji wametumia jioni nzima wakiutazama uso wake na wana hamu ya kumsikia. Mwingine awe mwongozaji au mwandishi. Wa tatu awe mtu anayelijua jambo lililoigizwa kutokana na maisha au kazi yake: muuguzi kama mchezo ni wa hospitali, mchuuzi kama ni wa soko. Mhadhiri anakaribishwa, mradi amekuja kuzungumza na watu na muhadhara ameuacha chuoni.

Mwongoza mjadala asiwe mwongozaji wa mchezo. Aliyeitengeneza kazi hawezi kuzuia hamu ya kuitetea, na watazamaji wenye adabu hawatamkosoa akiwa ndiye mwenye maiki. Mtafuteni mtu ambaye ameuona mchezo angalau mara moja kabla ya siku hiyo, anayejua kunyamaza, na asiyeogopa kumkatiza mkubwa kwa heshima.

Hapo kwenye wakubwa pana mtihani wetu halisi. Shughuli zetu nyingi za hadhara zina mgeni rasmi, meza kuu na itifaki. Akiwepo kiongozi ukumbini, atatambuliwa, na akitambuliwa atapewa nafasi ya kusalimia, na salamu hiyo itakula muda wote. Isitoshe, kila atakayezungumza baada yake atapima maneno kwa kumtazama yeye. Jambo hili limalizeni kabla ya siku ya onyesho. Mpigieni msaidizi wake, mwelezeni kwamba salamu zitatolewa kabla mchezo haujaanza, na kwamba baada ya mchezo mheshimiwa atakuwa mtazamaji pamoja na wengine. Viongozi wengi hukubali wakiambiwa mapema. Wakishtukizwa mbele za watu, wanaona wamevunjiwa heshima.

Viti vya wanajopo vishusheni kutoka jukwaani. Viwekwe sakafuni, usawa mmoja na hadhira, ikiwezekana kwa umbo la nusu duara. Taa za ukumbi ziwashwe zote, ili anayesema aonekane na wenzake. Watu wakikaa gizani huku wanajopo wakimulikwa, watazungumza na wanajopo peke yao.

Muda, na gari la mwisho

Wapeni waigizaji dakika 10 hadi 15 kabla ya kurudi mbele ya watu. Aliyemwigiza mbakaji au maiti anahitaji kuvua mavazi, kufuta vipodozi, kunywa maji na kurudi kuwa yeye. Muda huohuo unamfaa mtazamaji: anayetaka kuondoka aondoke bila aibu, anayetaka chai anywe, na mazungumzo ya kwanza yaanze kati ya mtu na mwenzake.

Mjadala wenyewe usizidi dakika 40. Onyesho la jioni likiisha saa tatu usiku, mtu anayerudi Kayole au Mbagala anahesabu magari yaliyobaki, na kwa mwanamke anayerudi peke yake hesabu hiyo ni ya usalama. Tangazeni saa ya kumaliza mwanzoni, kisha muitii. Kama mnataka mazungumzo marefu, yapangeni siku ya onyesho la mchana, Jumamosi au Jumapili. Msifanye mjadala kila siku ya onyesho kama hamna nguvu ya kuuandaa vizuri. Mijadala 2 katika msimu, ikiwa imetangazwa kwenye bango na tiketi, inazaa kuliko 10 ya kushtukiza.

Swali la kwanza

Kila kitu kinaamuliwa na swali la kwanza. Mwongoza mjadala akiuliza, "Kuna yeyote mwenye swali?", atapata kimya au hotuba. Akiuliza, "Mmeuonaje mchezo?", atapata pongezi. Akianza na mwandishi, "Tueleze ulikuwa na maana gani", mjadala umekwisha, maana nani atathubutu kusema aliona kitu kingine?

Shule zimetuachia desturi 2 zinazotubana hapa. Ya kwanza inatoka kwenye mashindano ya maigizo, ambamo anayesema baada ya mchezo ni mwamuzi, na anachosema ni hukumu. Ya pili inatoka kwenye mtihani wa fasihi: tumezoea kutafuta maudhui, wahusika na mbinu za uandishi, tukiamini kwamba jibu sahihi lipo tayari mahali fulani. Desturi zote 2 zina faida darasani. Ukumbini zinamfanya mtazamaji aogope kukosea.

Chukueni mfano wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya waliisoma na kuitazama ikiigizwa. Sudi, mchongaji, anakataa kuchonga kinyago kinachotakiwa na utawala wa Majoka, ilhali nyumbani kwake kuna dhiki na soko la Chapakazi limefungwa. Mkewe, Ashua, anaishia kutiwa ndani. Mwongoza mjadala akiuliza, "Mwandishi anatoa ujumbe gani kuhusu uongozi mbaya?", atasikia aya zilizokaririwa. Lakini akiuliza, "Ni wakati gani hasa ulitaka kumwambia Sudi akubali ile kazi?", ukumbi utagawanyika. Mmoja atasema alipomwona Ashua. Mwingine atasema hakutaka hata mara moja. Wa tatu atasema babake aliwahi kuwa katika hali hiyo. Hapo watu wameanza kujibizana wao kwa wao, na uongozi mbaya unajadiliwa kwa undani kuliko swali la kwanza lingeweza kufika.

Maswali mazuri ya kufungulia yana sifa 3: yanauliza juu ya kitu kilichoonekana au kusikika, kila aliyekuwepo anaweza kuyajibu, na hayana jibu moja. "Ni picha gani ungali nayo akilini sasa hivi?" "Ni mhusika gani ulibadilisha mawazo juu yake, na ilikuwa wapi?" "Ukumbi ulicheka pale mlinzi alipoanguka. Wewe ulicheka?" Mwongoza mjadala aandike maswali yake 3 au 4 wakati wa onyesho lenyewe, akitazama hadhira kama anavyotazama jukwaa.

Kabla ya kupokea mkono wa kwanza, wapeni watu dakika 2 wamgeukie aliye jirani na wajibu swali hilo wao kwa wao. Ni njia fupi ya kupata kile ambacho Laedza Batanani walikipata kwa vikundi. Mtu akishayasema maneno yake kwa mmoja, kuyasema kwa 200 hakumtishi tena. Mtaona mikono ya vijana, ya wanawake, ya wale wa viti vya nyuma, ambao kwa kawaida huwaachia uwanja wanaume 3 wa safu ya mbele. Dakika 10 za mwanzo wanajopo wasikilize tu na kuandika. Baada ya hapo waingie, na waanze kwa kujibu kilichosemwa. Mwigizaji akisema, "Yule mama aliyesema alinichukia pale mlangoni, nataka kumwambia nilichokuwa ninakifikiria", ukumbi wote utaegemea mbele kusikiliza.

Lugha waachieni watu. Anayefikiri kwa Kikuyu, Kisukuma, Kifaransa cha Lubumbashi au Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza aseme anavyofikiri, na mwongoza mjadala afupishe kwa Kiswahili kinachoeleweka na wote. Mkalimani wa lugha ya alama mwalikeni mapema, mpeni muhtasari wa mchezo na majina ya wahusika, na msimamisheni mahali penye mwanga.

Watu wagumu na maneno mazito

Kila mjadala una mtu wa hotuba. Huyu hana swali. Ana jambo alilokuja nalo kutoka nyumbani. Msimkabidhi maiki mkononi. Ishikwe na msaidizi anayetembea nayo. Akizidisha, mwongoza mjadala achukue neno moja alilosema na kulipeleka kwa wengine: "Mzee ametaja suala la urithi. Nani aliona urithi ukijitokeza mapema zaidi katika mchezo?" Mzee amesikilizwa, hadhi yake imelindwa, na mazungumzo yamesonga.

Yupo pia anayemshambulia mwigizaji, hasa wa kike, kwa sababu ya mhusika aliyemwigiza au mavazi aliyovaa. Hapa pasiwe na upole wa kupindukia. Mwongoza mjadala aseme wazi kwamba tunazungumza juu ya mhusika, na aulize swali jipya juu ya mhusika huyo. Kikundi kikubaliane tangu mazoezini kwamba hakuna mwigizaji anayelazimishwa kuketi kwenye jopo, na kwamba akiwa pale ana haki ya kutojibu.

Kisha kuna maneno mazito. Mchezo ukigusa ubakaji, kujiua au kupigwa kwa watoto, upo uwezekano kwamba mtu atasimama na kueleza yaliyompata yeye. Hilo likitokea, mwongoza mjadala amshukuru, asimhoji zaidi mbele ya watu, na asimwache mtu mwingine ajibu kwa ushauri wa harakaharaka. Awepo ukumbini mshauri nasaha au mtu aliyefunzwa, ambaye ametambulishwa mwanzoni na anayeweza kutoka na msimuliaji huyo kwa utulivu. Namba za msaada ziandikwe kwenye karatasi ya programu na zisomwe mwishoni. Kwa masuala ya watoto namba 116 inatumika Kenya, Tanzania na Uganda. Nchini Kenya namba 1195 inapokea taarifa za ukatili wa kijinsia. Ukumbi unaofungua vidonda una wajibu wa kuwa na pa kuwapeleka waliojeruhiwa.

Walio mtandaoni wasiwe wageni wa dirishani

Janga la Uviko-19 lilipofunga kumbi mwaka 2020, ulimwengu wa tamthilia ulihamia kwenye skrini ndani ya wiki chache. National Theatre ya London ilianza kurusha maonyesho yake kwenye YouTube mapema Aprili mwaka huo. Kabla ya hapo, HowlRound, yenye makao yake Emerson College mjini Boston, ilikuwa imeshazoea kurusha mubashara mijadala ya watu wa tamthilia. Kumbi zimefunguliwa, lakini hadhira ya mbali imebaki, na kwa tamthilia ya Kiswahili hadhira hiyo ina uzito wa pekee: Mswahili aliyeko Muscat, London au Minneapolis ana mengi ya kusema juu ya mchezo wa kwao, na mara nyingi hana pa kuyasemea.

Anzeni na saa. Mjadala wa saa tatu usiku Nairobi au Dar es Salaam unamkuta aliyeko Muscat saa nne usiku, aliyeko London saa kumi na mbili au saa moja jioni kulingana na msimu, na aliyeko Minneapolis saa sita au saba mchana, akiwa kazini. Aliyeko Lubumbashi bado ni saa mbili usiku. Chagueni mnamtaka nani, na kwenye tangazo andikeni saa za miji hiyo, msimwachie mtu ahesabu.

La pili ni sauti. Mtazamaji wa mbali huvumilia picha mbovu, lakini sauti mbovu inamfukuza. Sauti ichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya ukumbi. Maiki ya kompyuta iliyowekwa mezani haitoshi. Hakuna atakayesema bila maiki, hata mwenye sauti ya radi, na pale maiki inapochelewa, mwongoza mjadala arudie swali kabla halijajibiwa.

La tatu ni mtu. Mteueni mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuwasemea walio mtandaoni. Aketi mbele, asome maoni yanayoingia, aunganishe yanayofanana, na apewe zamu sawa na mkono ulioinuliwa ukumbini. Zamu yake ya kwanza ije ndani ya dakika 10 za mwanzo. Wa mbali wakingojeshwa hadi mwisho, watakuwa wameshazima. Kumbukeni pia kwamba matangazo ya YouTube humfikia mtazamaji yakiwa yamechelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine hata nusu dakika. Ukiwauliza jambo na kungoja, utapata kimya cha aibu. Watupieni swali lao, endeleeni na ukumbi, kisha rudini kwao majibu yakiwa yamefika.

La nne ni gharama. Saa 1 ya mkutano wa video inaweza kumaliza zaidi ya nusu GB, na kwa mtu anayenunua bando la siku hilo ni jambo zito. Wapeni watu njia ya kusikiliza sauti peke yake. Tangazeni namba ya WhatsApp ambayo mtu anaweza kutuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika 1, mkauchezesha ukumbini kwa idhini yake. Sauti ya mtu kutoka Kigoma au Garissa ikisikika katika spika za ukumbi, hadhira yote hugeuka kusikiliza.

La tano ni haki. Ruhusa ya kuigiza mchezo jukwaani haimaanishi ruhusa ya kuurusha mtandaoni. Mwandishi na wenye muziki lazima waulizwe. Mjadala peke yake mnaweza kuurusha kwa wepesi zaidi, nao unaweza kumfaa hata aliyetazama mchezo huo mwaka jana. Lakini na mjadala una watu ndani yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinaigusa sura na sauti ya mtu. Wekeni tangazo mlangoni, lirudieni kabla ya mjadala, na tengeni safu ambazo kamera haizifikii. Anayetaka kusema bila kurekodiwa aambiwe mapema namna ya kufanya hivyo, na kamera izimwe kweli. Kama mchezo umegusa majeraha ya watu, au siasa inayoweza kumletea mtu matatizo kesho yake, wekeni mjadala wa ukumbini peke yake bila kurusha chochote, kisha mfanye mwingine wa mtandaoni siku nyingine ukiwa na wanajopo walioandaliwa.

Baada ya maiki kuzimwa

Kazi ya mjadala haiishi watu wanapotoka. Kesho yake mwongoza mjadala, mwongozaji na waigizaji wakae kwa nusu saa na maelezo yaliyoandikwa. Wasiulize kama watu walifurahi. Waulize: ni tukio gani lilitajwa na wengi? Ni lipi tulilolipenda sisi ambalo hakuna aliyelitaja? Ni jambo gani walilielewa tofauti na tulivyokusudia, na je, tofauti hiyo ni kasoro au ni utajiri? Kisha wachague jambo moja la kufanyia kazi kabla ya onyesho linalofuata. Inaweza kuwa kupunguza mwendo wa tukio la tatu, kuongeza mwanga usoni mwa mhusika ambaye machozi yake hayakuonekana, au kuacha kila kitu kama kilivyo kwa sababu sasa mnajua kwa nini mlikifanya.

Onyesho linalofuata likifika, mwongoza mjadala aanze kwa sentensi moja: wiki iliyopita watazamaji walituambia hivi, nasi tumefanya hivi. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko tangazo lolote la kuwaomba watu wabaki. Inamthibitishia aliyelipa kiingilio kwamba maneno yake yana mahali pa kwenda. Waliokuwa wakikimbilia mlangoni watakaa, na wanafunzi watauliza maswali ambayo hayamo katika mtihani.

Kwa hiyo, wenzangu mnaopanga msimu ujao, anzeni na jambo dogo lisilohitaji fedha. Katika mjadala wenu unaofuata, toeni viti 2 kati ya 5, shusheni vilivyobaki sakafuni, na dakika 10 za mwanzo zote wapeni watazamaji. Wanajopo wataona ni ndefu. Washikeni hapo hapo, wasikilize.